Dawa za Kichina na kisukari: namna ya kuzitumia pembeni ya dawa za hospitali

Hapa Tanga maswali ni yaleyale, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni. "Nimeletewa dawa ya Kichina ya sukari, niinywe pamoja na vidonge vya hospitali?" "Jirani kaacha kuchoma insulini tangu aanze zile chai, na mimi niache?" "Sindano za Kichina zinatibu miguu kuwaka moto?" Nimeona niandike jibu moja kwa mpangilio, ili anayeanza ajue aanzie wapi na wapi asimame.

Msimamo wangu nausema mapema. Tiba ya Kichina siipingi. Dawa mseto ya malaria uliyowahi kumeza ina kiini kilichotolewa kwenye mmea unaotumika China tangu zamani, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini dawa ile ilikufikia baada ya kupimwa, kiasi chake kikajulikana, na madhara yake yakaandikwa. Kwa kisukari hatujafika huko. Hakuna dawa ya Kichina iliyothibitika kukiponya, wala inayoweza kuchukua nafasi ya insulini. Huko China kwenyewe, mgonjwa wa kisukari hupewa metformini na insulini kama unavyopewa wewe hospitali ya Bombo, na mitishamba ikitumika huwa inaongezwa juu yake. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina sharti moja: dawa ya hospitali haiguswi mpaka daktari wako aseme.

Wasiopaswa kuanza kabisa

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili ambaye yuko kliniki na anatumia dawa zake. Usiufuate kama una aina ya kwanza, kama ni mjamzito au unanyonyesha, kama umeambiwa figo au ini lina shida, au kama sukari yako imeshuka mpaka ukaanguka katika miezi ya karibuni. Mtoto mwenye kisukari asipewe hata kijiko. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au dawa za moyo, asianze bila daktari wake kukubali.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Glukometa (mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu) inayofanya kazi, na stripu zake za kupimia ambazo muda wake haujaisha. Chupa ya stripu ifunikwe kila mara. Unyevu wa huku pwani huziharibu, nazo huanza kutoa namba za uongo.
- Daftari la shule na kalamu.
- Dawa zako zote, za sukari na za presha, kwenye mfuko mmoja pamoja na maboksi yake.
- Majibu ya HbA1c (kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mpaka mitatu), ya figo na ya ini. Yawe ya miezi mitatu ya karibuni.
- Sukari ya mezani au soda ya kawaida ndani ya nyumba, wakati wote.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua dalili za sukari kushuka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kusema maneno yasiyoeleweka.
- Simu yenye kamera. Utaihitaji hatua ya 4.

Kama huna glukometa wala huna pa kupimia mara kwa mara, ishia hapa. Hela ya dawa ya Kichina kanunulie stripu.

Hatua 1. Pima wiki nzima kabla hujaanza chochote

Pima asubuhi kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya chakula cha mchana. Andika tarehe, namba, na ulichokula. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4 mpaka 7 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, ila daktari anaweza kukupa lengo lako mwenyewe, hasa kama umri umeenda.

Kula unavyokula siku zote. Kama asubuhi ni vitumbua na chai ya maziwa, andika vitumbua. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuanza dawa ya Kichina siku ileile aliyoacha wali, akaanza na kutembea jioni Raskazone. Sukari ikishuka, sifa zote zinakwenda kwenye dawa, naye anaendelea kulipia kitu ambacho huenda hakikufanya lolote.

Hatua 2. Nenda kliniki na pakiti mkononi

Watu wengi huificha dawa kwa kuogopa kufokewa. Usiende kuungama, nenda kuuliza. Sema hivi: "Daktari, nimeletewa dawa hii. Sijaianza. Dawa zangu za hospitali siachi. Naomba uniangalizie kama inagombana na ninazotumia." Ukianza hivyo, mazungumzo hubadilika. Uliza mambo matatu: je, dozi ya glibenklamidi (kidonge cha hospitali cha kushusha sukari) au insulini ipunguzwe nikianza? Nipime sukari mara ngapi? Vipimo vya figo na ini virudiwe lini?

Hapa Tanga hatuna sababu ya kuona hospitali na tiba asili kama maadui. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga wa jadi na watumishi wa hospitali mkoani humu walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kazi iliyoanzia Pangani. Ukikutana na mhudumu asiyetaka kusikiliza, omba kuonana na mwingine. Usirudi nyumbani ukaanza kimyakimya.

Hatua 3. Mjue anayekuuzia

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na chini yake kuna Baraza linalosajili watoa tiba, vituo na dawa zao. Mwenye usajili huwa na cheti, tena hukibandika ukutani. Omba kukiona, usome jina na tarehe. Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji ukamuulize mratibu wa tiba asili na tiba mbadala.

Ondoka bila kulipa ukikutana na mojawapo ya haya:

- Anakuambia uache dawa za hospitali "ili dawa ifanye kazi vizuri".
- Anaahidi kisukari kitaisha ndani ya siku kadhaa.
- Anakushikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, kisha anakusomea hali ya kongosho, figo, ini na mishipa kwa dakika moja. Mashine hiyo haipimi sukari wala figo. Sukari hupimwa kwa damu.
- Dawa haina pakiti wala orodha ya vilivyomo, au anasema "ni siri ya kampuni".

Na ukiambiwa "hii ni mitishamba tupu, haina kemikali, haina madhara", kumbuka kwamba kitu chenye nguvu ya kushusha sukari kina nguvu ya kuishusha kupita kiasi.

Hatua 4. Soma pakiti, hata kama imeandikwa Kichina

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye hatari kubwa.

Chukua simu, piga picha pande zote za boksi na karatasi iliyomo ndani, kisha itumie programu ya kutafsiri inayosoma picha. Tafsiri itakuja imepinda, ila itakupa majina. Halafu linganisha herufi moja moja na hizi:

- 消渴丸: hivi ni vidonge vya Xiaoke, maarufu sana China kwa kisukari. Wengi hudhani ni mitishamba mitupu. Ukweli ni kwamba kila kidonge kina miligramu 0.25 za glibenklamidi, dawa ileile ya hospitali, na hilo limeandikwa kwenye maelezo yake kwa Kichina. Mtu anayemeza vidonge 10 mara tatu kwa siku amekunywa miligramu 7.5, sawa na kidonge kimoja na nusu cha hospitali cha miligramu 5. Kama tayari unatumia ile ya hospitali, umejiongezea dozi bila kujua.
- 格列本脲: hili ndilo jina la glibenklamidi kwa Kichina. Kwenye boksi la hospitali utaona glibenclamide. Ukiliona kwenye dawa ya "mitishamba", weka chini.
- 二甲双胍: metformini.
- 蔗糖: sukari ya miwa. Dawa nyingi za Kichina za chengachenga, zile za kukoroga kwenye maji ya moto, hutengenezwa kwa sukari. Tafuta iliyoandikwa 无蔗糖, yaani haina sukari hiyo.
- 甘草: mzizi mtamu uitwao gancao, umo kwenye michanganyiko mingi. Ukitumika kwa wingi hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia, na baadhi wanameza dawa za kukojoza. Hao waukwepe.
- 马兜铃, 关木通, 广防己: mimea yenye asidi ya aristoloki, ambayo huua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Ubelgiji, miaka ya 1990 mwanzoni, wanawake waliotumia dawa za kupunguza unene zenye mmea wa aina hiyo waliishia kwenye kusafishwa damu na kupandikizwa figo. Ukiona jina mojawapo, usijadiliane na mtu.

Pakiti isiyotaja glibenklamidi nayo haikupi uhakika. Kuna bidhaa ambazo hutiwa dawa za hospitali kwa siri. Mwaka 2008 huko Singapuri, watu wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kumeza dawa za magendo, nyingi zikiwa za nguvu za kiume, zilizokuwa zimechanganywa na glibenklamidi. Wanne walifariki. Ndiyo maana dawa ya "mitishamba" inayoangusha sukari ndani ya siku moja au mbili inapaswa kukutia hofu.

Dawa za Kichina zilizolowekwa kwenye pombe ziache kabisa. Pombe juu ya dawa za sukari huweza kuishusha ghafla, hata usiku ukiwa umelala.

Hatua 5. Chagua kitu kimoja

Ukitumia mchanganyiko wa mimea kumi na tano, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuumiza. Anza na kitu kimoja kinachofahamika.

Kilichochunguzwa zaidi ni berberini, inayotoka kwenye mzizi mchungu wa njano uitwao huanglian. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha berberini na metformini kwa miezi mitatu, na zote zilishusha sukari. Lakini walikuwa wagonjwa 36 tu, wote ndio kwanza wamegundulika. Hiyo ni dalili njema, haijawa ruhusa ya kubadilisha dawa. Berberini husumbua tumbo, na hugongana na dawa kadhaa za hospitali kwa kuzuia ini lisizivunje. Mjamzito asiiguse.

Majani ya mforosadi (Wachina huyaita sangye) huchelewesha wanga kugeuka sukari tumboni. Hunywewa pamoja na chakula, na ukizidisha tumbo hujaa gesi. Karela tunaijua, jikoni ipo. Kama mboga haina tatizo kwa wengi, ila juisi yake kila siku pamoja na vidonge vya hospitali inaweza kukuangusha. Mzizi wa jinseng hugongana na warfarini na huwanyima baadhi ya watu usingizi. Mdalasini wa Kichina, wa gome nene, una kemikali iitwayo kumarini, na kuunywa kwa vijiko kila siku si kuzuri kwa ini.

Hatua 6. Anza kidogo, siku yenye watu nyumbani

Anza asubuhi, siku ambayo huna safari wala hubaki peke yako. Tumia nusu ya kiasi kilichoandikwa kwa wiki ya kwanza. Acha nafasi ya saa mbili kati ya dawa ya Kichina na ya hospitali, ila usidhani nafasi hiyo inazuia kugongana kote, maana dawa nyingi hukutana ndani ya damu hata ukizipishanisha.

Ikiwa ni ya kuchemsha, usitumie sufuria ya alumini. Desturi ya Wachina ni chungu cha udongo, na vyungu huku kwetu vipo. Loweka kwa nusu saa, chemsha kwa moto mdogo, chuja. Usiongeze asali, sukari guru wala tende ili ishuke kooni. Nimeona kikombe cha dawa ya sukari kimewekwa vijiko vitatu vya asali kwa sababu "asali ni dawa". Asali ni sukari, na glukometa itakuonyesha.

Hatua 7. Pima, andika, na ujue namba za kusimama

Wiki mbili za kwanza pima mara tatu kwa siku: kabla ya chai, saa mbili baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kulala. Ile ya kulala usiiruke.

Acha dawa ya Kichina mara moja, uende hospitali, ukiona lolote kati ya haya: sukari chini ya 4, macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, uso au miguu kuvimba, mkojo kupungua, vipele mwili mzima, kutapika kusikokoma. Ukiacha, acha ya Kichina tu. Za hospitali endelea nazo, isipokuwa kwa sukari iliyoshuka. Hapo daktari aamue dozi inayofuata.

Hatua 8. Ukitaka sindano au kuumikwa

Sindano za Kichina hazitibu kisukari. Wapo wanaosema maumivu ya miguu kuwaka na ganzi hupungua, na tafiti ndogo zimeonyesha nafuu kwa baadhi. Ukienda, sindano itolewe kwenye pakiti mbele yako na itupwe baada ya kutumika. Usikubali sindano kwenye mguu wenye kidonda, uvimbe au ngozi iliyopasuka. Ile ya moksa, vijiti vya majani makavu vinavyowashwa na kusogezwa karibu na ngozi, ikatae kabisa miguuni. Mguu wenye ganzi huungua bila wewe kusikia, na kidonda cha kisukari ndicho kinachowapeleka watu kukatwa mguu. Kuumika, ambako wengi tunakujua kwa hijama, nako ni kuchanja ngozi. Nyembe zisizo safi huleta usaha, na mwenye sukari ya juu haponi upesi. Mwambie mtoa huduma una kisukari kabla hujavua shati.

Mazoezi ya taratibu ya tai chi ndiyo sehemu ya Kichina isiyo na gharama wala mgongano na dawa. Ukipata wa kukufundisha, fanyeni asubuhi Bustani ya Jamhuri kabla jua halijachoma. Usipompata, kutembea nusu saa kunatosha. Viatu vya kufunika vidole, si ndala.

Hatua 9. Baada ya miezi mitatu, amua kwa majibu

Rudia HbA1c, figo na ini, kisha weka majibu mapya kando ya yale ya mwanzo. HbA1c haikushuka? Acha, hela yako ifanye kazi nyingine. Imeshuka na figo na ini ni salama? Mpelekee daktari daftari, na kama kuna dozi ya hospitali ya kupunguza, atapunguza yeye.

Mwezi wa Ramadhani

Usianze dawa mpya ya Kichina ndani ya Ramadhani. Kama ulikuwa unatumia na umekubaliana na daktari kufunga, mwambie pia kuhusu dawa hiyo, maana saa za njaa ndizo saa za sukari kushuka. Kujitoboa kidole kupima, masheikh wengi wanasema hakuvunji saumu. Sukari ikiwa chini ya 4 au juu ya 16, fungua. Utailipa siku nyingine.

Ikienda kombo

*Sukari imeshuka.* Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula kitu chenye wanga kama mkate au muhogo. Kisha nenda hospitali hata kama umejisikia vizuri, kwa sababu glibenklamidi, iwe ya hospitali au iliyofichwa kwenye dawa ya Kichina, inaweza kuishusha tena saa nyingi baadaye. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mlaze ubavu, mpeleke haraka.

*Sukari imepanda badala ya kushuka.* Angalia kwanza kama dawa ina sukari, kisha kama hukuruka dozi za hospitali. Kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda ni dharura. Usingoje asubuhi.

*Tumbo linaharisha.* Metformini na berberini zote husumbua tumbo. Simamisha berberini siku tatu uone. Metformini inywe na chakula.

*Presha imepanda bila sababu.* Itafute gancao kwenye pakiti.

*Sukari nzuri mno, nataka kuacha vidonge.* Hiyo inaonyesha vidonge vinafanya kazi, pengine kwa msaada. Peleka daftari kliniki.

*Ndugu amenunua dozi ya miezi sita na anashinikiza.* Mshukuru kwa moyo wake, mwombe akusindikize kliniki mkaiulizie pamoja. Mzee wa nyumbani akisikia kwa daktari mwenyewe, mara nyingi shinikizo huisha hapohapo bila ugomvi.

*Nimepata madhara.* Usiitupe dawa iliyobaki wala boksi lake. Vipeleke hospitali, omba wajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara inayokwenda TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na uhakikishe jina la bidhaa na ulikoinunua vimeandikwa.